Tom Lehrer na Kicheko cha Ukumbini

Nakiri kwamba nyimbo za sayansi za kuchekesha hunichosha haraka. Mara nyingi mwanasayansi anashika gitaa, anapachika maneno magumu kwenye wimbo tunaoujua, na ukumbi unapiga makofi kwa sababu umeyatambua maneno. Utani uko wapi hapo? Huo ni mtihani tu. Tom Lehrer, aliyefariki Julai 2025 akiwa na miaka 97, ndiye aliyenirudisha kusikiliza.

Lehrer alikuwa mwanahisabati wa Harvard aliyepiga piano. Wimbo wake maarufu, “The Elements”, umo kwenye albamu iliyorekodiwa jukwaani mwaka 1959, palepale Harvard. Anataja elementi 102 mbiombio, kwa muziki aliouazima kwa Gilbert na Sullivan, na ulimi haukwami hata mara moja. Nimeusikia sijui mara ngapi na bado nashangaa, ila kushangaa si kucheka. (Kemia nami niliisoma kwa kukariri, kwa hiyo labda nina kinyongo.)

“New Math” ni kitu kingine kabisa. Huu ulirekodiwa mwaka 1965 kwenye kilabu ya hungry i, San Francisco. Lehrer anatoa 173 katika 342 mbele ya watu, kwa ile njia mpya iliyokuwa ikiwatoa jasho wazazi wa Marekani, hatua kwa hatua mpaka anafika 169. Halafu, watu wakidhani wamepona, anairudia hesabu ileile, sasa akihesabu kwa nane badala ya kumi! Jibu linakuwa 147, na ni sahihi. Chukua kalamu ujaribu mwenyewe. Ukiondoa hesabu, hakuna wimbo. Ndiyo maana nauweka juu ya ule wa elementi.

Albamu hiyohiyo ina wimbo kuhusu Wernher von Braun, aliyeunda makombora ya V-2 kwa ajili ya Hitler, kisha akawa shujaa wa roketi wa Marekani. Alikuwa hai wakati huo, tena kazini NASA. Lehrer hapigi kelele. Anamsema taratibu, kwa adabu zote, kama mtu ambaye kazi yake ni kurusha tu. Kombora linamwangukia nani, hilo halimhusu. Watu wanacheka. Mimi kicheko kiliniishia kooni.

Hata hivyo kuna jambo linanikera. Wajane wa London wamo kwenye wimbo, lakini wafungwa wa kambi ya Dora, waliokufa kwa maelfu wakitumikishwa kuyaunda makombora hayohayo, hawamo. Eti ni wimbo mfupi, ataweka mangapi? Sawa, lakini namdai, maana aliweza.

Mwaka 2020 Lehrer aliyaachia mashairi yake yatumiwe na yeyote bila malipo. Basi yule bwana mwenye gitaa aongeze ubeti huo kwanza, kabla hajatuimbia tena jedwali la elementi.