Kontena la pembeni linafikisha siri, ila halizifichi

Kwenye mradi wetu wa darasani, saa tano usiku, mwenzetu mmoja alibadilisha nywila ya kanzidata. Kontena la pembeni likafanya kazi yake: ndani ya dakika chache faili lenye nywila mpya likawa tayari. Asubuhi mfumo umelala chali. Programu ilikuwa imelisoma lile faili mara moja tu, ilipowaka, na ikaendelea kung'ang'ania nywila ya jana. Tulilaumu chombo. Kosa lilikuwa letu, lakini chombo nacho kina la kujibu.

Turudi nyuma kidogo. Siku hizi programu hufungwa kwenye kontena, yaani kifurushi chenye programu na kila inachohitaji ili ifanye kazi popote. Nywila huwezi kuifunga humo, maana kila anayepata nakala ya kifurushi anaipata na yenyewe. Wengi huiweka kwenye vigeu vya mazingira. Ni rahisi, ila kila programu inayozaliwa na programu yako huvirithi, na ripoti ya hitilafu inaweza kuvimwaga vyote kwenye logi. Kubernetes, iliyotoka Google mwaka 2014, ina sehemu yake ya kuweka siri, lakini usipoiwekea usimbaji fiche mwenyewe, siri hukaa wazi ndani ya hifadhi yake. Zile herufi za base64 unazoziona si kufuli bana. Ni mwandiko mwingine tu, amri moja unausoma.

Hapo ndo linaingia kontena la pembeni. Jina limetokana na kile kigari kinachofungwa ubavuni mwa pikipiki. Makontena mawili yanakaa podi moja, yanagawana mtandao na folda. Tuchukue Vault ya HashiCorp: unaongeza maelezo machache kwenye podi yako, mfumo unachomeka kontena la pili wenyewe. Hilo linajitambulisha kwa Vault kwa tokeni ya podi, linachukua siri, kisha linaiandika kwenye folda ya /vault/secrets, ambayo iko kwenye RAM, si kwenye diski. Programu inasoma faili, basi. Hata programu ya zamani, ambayo hakuna anayethubutu kuigusa msimbo wake, inahudumiwa. Kwa hilo nalisifu bila kinyongo.

Lakini wahenga walisema siri ya mtungi aijuae kata. Programu ndiyo kata: lazima iingie mtungini. Mwizi akiishaiteka programu, analisoma lile faili kama programu inavyolisoma. Kwa hiyo anayekuambia kontena la pembeni "linaficha" siri anakudanganya. Faida yake kubwa ni kufupisha maisha ya siri. Vault inaweza kuunda jina na nywila ya kanzidata vya kudumu saa moja, kisha ikavifuta. Mwizi anabaki na ufunguo wa mlango uliokwishabadilishwa kitasa.

Na hapo ndipo ahadi inapopwaya. Tunaambiwa programu haihitaji kujua chochote. Si kweli: kama siri inabadilika, lazima programu ijue kulisoma faili upya. Dawa yetu ilikuwa mistari michache tu ya msimbo: kanzidata ikikukataa, soma faili tena kabla ya kukata tamaa.

Halafu kuna gharama. Usipogusa mipangilio, kila kontena la Vault hutengewa robo ya kiini cha CPU na MiB 64 za RAM. Podi 40 zinakula viini 10 na MiB 2,560, hata kama makontena yenyewe yamekaa tu. Punguza hayo makadirio mapema. Na kwa kazi inayoanza na kuisha, kama ripoti ya kila usiku, kontena lisilozimika linaweza kuifanya ionekane haijaisha milele. Kubernetes ilianza kulitibu hilo kwa majaribio kwenye toleo la 1.28 mwaka 2023, na tiba ikakomaa kwenye 1.33 mwaka 2025. Kwa kazi za aina hiyo, iambie Vault ilete siri mara moja mwanzoni na iondoke.

Hukumu yangu? Kama una seva moja na mnaoiendesha ni wawili, huu ni mzigo, achana nao. Kama una huduma nyingi zilizoandikwa kwa lugha tofauti, sioni njia nyingine inayozihudumia zote kwa urahisi namna hii. Ila kabla hujaiamini, ijaribu: badilisha nywila saa nne asubuhi, watu wote wakiwa macho. Mfumo ukisimama, utakuwa umejua mchana kile ambacho sisi tulikijua baada ya kulala.