Hesabu ya Matuta Pembezoni mwa Dar es Salaam

Mgeni anayetembelea mashamba ya familia huko Chanika, Kinyerezi au Bunju huanza kwa kutazama majani: yamestawi au yamedumaa, yana wadudu au hayana. Bwana shamba mzoefu huanza kwingine. Huhesabu matuta, huuliza maji yanatoka wapi, kisha huuliza ardhi ni ya nani. Maswali hayo matatu yanaeleza karibu kila kinachoonekana shambani, ikiwemo sababu ya mchicha kutawala eneo lote.

Chukua familia yenye matuta 20, kila moja lina upana wa mita 1 na urefu wa mita 10. Mchicha wa kung'oa hukaa ardhini wiki tatu hadi nne. Familia ikisia matuta yote kwa siku moja, itashika fedha mara moja tu kwa mwezi, tena siku ambayo mchicha wote umekomaa kwa pamoja na mnunuzi anajua kwamba usipouzwa leo utakomaa kupita kiasi. Kwa hiyo husia kwa zamu: matuta matano wiki hii, matano wiki ijayo, mpaka wiki nne zitimie. Tangu hapo kila wiki kuna matano ya kuuza na matano ya kusia upya. Ada ya shule, unga na nauli hupangwa kwa kufuata zamu hiyo. Utaalamu wenyewe uko hapo, katika kalenda, na mgeni anayepita haraka hauoni.

Kazi ya mikono nayo ina ufundi wake. Mbegu ya mchicha ni ndogo mno. Ukiirusha peke yake hudondoka kwa mafungu, sehemu moja miche inabanana na nyingine inabaki kipara. Mkulima huichanganya na mchanga mkavu, akatawanya mchanganyiko huo kwa mkono juu ya tuta lililokwishapata mbolea ya kuku, halafu akafunika kwa nyasi mpaka mbegu ziote. Mbolea hutoka kwenye mabanda ya kuku wa nyama ya mitaa hiyohiyo, ikiwa na maranda ndani yake. Ikitiwa mbichi huunguza miche, ndiyo sababu lundo lake huachwa lioze kwanza. Masika matuta huinuliwa ili maji yasituame, na kiangazi hushushwa chini ya usawa wa njia ili unyevu usitoroke.

Kiangazi ndipo mzigo halisi unapoonekana. Milimita moja ya maji juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Tukikadiria kwamba mchicha unataka milimita tano kwa siku katika joto la Pwani, tuta moja litakunywa lita 50, na matuta 20 yatakunywa lita 1,000. Hiyo ni tani nzima ya maji, inayotekwa kutoka kwenye kisima kifupi na kubebwa kwa ndoo za kumwagilia, mbili kwa mpigo, asubuhi na jioni. Umbali kati ya kisima na tuta la mwisho una uzito kuliko aina ya mbegu. Familia iliyochimba kisima katikati ya shamba imeokoa hadi nusu ya mwendo ikilinganishwa na iliyokichimba pembeni.

Mauzo mara nyingi hufanyika mchicha ukiwa bado ardhini. Mchuuzi hufika, hukadiria kwa macho, hukubaliana bei ya tuta zima, kisha hung'oa mwenyewe, huosha, hufunga mafungu na kuondoka nayo kuelekea sokoni, iwe Buguruni, Ilala au Temeke Stereo. Ni mpango mzuri kwa mkulima: hasara ya mchicha kunyauka njiani si yake tena. Udhaifu wake ni kwenye kuosha. Maji ya kuoshea mara nyingi ni yaleyale ya shimo la kumwagilia, na hapo ndipo mboga safi inaweza kuchafuka dakika za mwisho.

Kwa nini kilimo hiki kikae mlangoni mwa jiji? Mjerumani Johann Heinrich von Thünen aliliandikia swali hilo kitabu mwaka 1826, akionyesha kwamba mazao yanayoharibika upesi hujipanga karibu na mji na yale yanayovumilia safari husogea mbali. Dar es Salaam inathibitisha. Nyanya huja kutoka Ilula mkoani Iringa, kabichi na karoti hushuka kutoka Lushoto, lakini mchicha haustahimili safari hiyo.

Ukaribu nao una gharama. Katika bonde la Mto Msimbazi, ambako maji hayakauki na soko liko jirani, watafiti Bahemuka na Mubofu walipima mboga za majani zilizomwagiliwa kwa maji ya mito ya Sinza na Msimbazi, na matokeo yao ya mwaka 1999 yalionyesha kuwepo kwa madini mazito kama risasi na kadimi. Mchicha hufyonza kilichomo ardhini, na kuosha jani hakuondoi kilichoingia kupitia mizizi. Hii ni sababu nzito ya kuyathamini mashamba ya pembezoni, ambako viwanda na mifereji ya majitaka ni vichache.

Lakini pembezoni hapatulii. Sensa ya 1988 ilihesabu wakazi milioni 1.36 mkoani Dar es Salaam. Ya 2022 ilihesabu milioni 5.38. Mradi wa viwanja 20,000 ulioanza mwaka 2002 ulipima ardhi ya maeneo kama Bunju, Mbweni na Kibada, ambayo sehemu yake ilikuwa mashamba. Familia nyingi leo hulima kiwanja cha mtu mwingine ambacho hakijajengwa. Mwenye kiwanja hunufaika kwa kuwa kinalindwa dhidi ya wavamizi, na mkulima hulima kwa makubaliano ya mdomo. Tofali la kwanza likishushwa, matuta yamekwisha.

Hapo ndipo mchicha unapoeleweka vizuri. Zao la wiki nne linafaa ardhi ambayo mtu hajui kama atakuwa nayo mwakani. Matembele hukatwa na kuchipua kwa miezi mingi, minazi na miembe hudai miaka, ng'ombe wa maziwa wa kufuga bandani hudai zizi na malisho ya kudumu. Mambo haya hukutwa zaidi kwa familia zenye kiwanja chao. Kanuni za kilimo cha mijini za mwaka 1992 zilijishughulisha na ukubwa, zikiweka ukomo wa ekari tatu na ng'ombe wanne kwa mtu. Muda haukupewa uzito huo, na kwa familia hizi muda ndio unaoamua.

Halmashauri zinaweza kuanza na jambo dogo: fomu ya makubaliano ya miaka miwili au mitatu kati ya mwenye kiwanja na mkulima, isainiwe serikali ya mtaa, ikitaja mapema notisi ya kuondoka, kwa mfano mizunguko miwili ya mchicha. Mkulima mwenye uhakika wa miaka miwili atachimba kisima kirefu zaidi, atanunua tangi na mpira wa kumwagilia, na tani ile ya maji haitabebwa tena mikononi.