Karai Lisilosikika

Tulikuwa tumekwisha kaa robo saa. Tumefuta mikono kwa vitambaa vya moto, tumemiminiwa chai isiyo na sukari, tumesomewa majina ya vionjo tisa vitakavyokuja kimoja baada ya kingine, na mimi bado nimetega sikio upande wa jikoni. Sikusikia kitu. Chuma hakikugonga chuma, mafuta hayakulia, wala mtu hakumfokea mwenzake. Mlango wa jiko ulifunguka na kujifunga taratibu kama mlango wa benki.

Kinindo yenyewe, hapa Bujumbura, ni mtaa wa kimya. Kuta ndefu, bogonvilia, walinzi wanaopunga upepo wa ziwa kwenye viti vya plastiki. Sisi wa Buyenzi, ambako kikohozi cha usiku kinatosha kukuambia nani anaumwa, tukifika huko hushusha sauti bila kuambiwa. Aliyenialika ni rafiki yangu wa tangu darasa la kwanza, amekuja likizo kutoka Ubelgiji, naye alitaka tule Kichina cha mezani, cha heshima, cha kukumbukwa. Jina la mgahawa naliacha hukohuko. Hawakunikosea adabu, na mlo mbaya si kesi ya kumwita mtu barazani.

Kionjo cha kwanza kilikuja juu ya kibao cha jiwe jeusi: kipande cha bata kama kidole gumba, ngozi imelegea, pembeni mstari wa mchuzi mwekundu uliovutwa kwa brashi. Kikafuata kijiko kimoja cha tofu. Kisha andazi dogo la mvuke lililokaa mpaka ukingo wake umekakamaa. Kila kimoja kilikuja na hotuba yake. Kijana aliyetuhudumia, mpole kweli, alisimama mikono nyuma akaeleza mchuzi ulikaa siku ngapi na kijani kile ni cha nini, na wakati anaeleza mvuke kidogo uliobaki ulikuwa unapaa mbele ya macho yangu. Rafiki yangu alipiga picha. Mimi nilikuwa naona aibu kula kabla mtu hajamaliza kusema.

Cha tano kilikuwa sangala. Huyo ndiye aliyeniuma. Tanganyika iko pale, umbali wa kutembea kwa miguu, na samaki wa mvuke mwenye tangawizi na majani ya kitunguu ni chakula ambacho watu wa Guangdong hupimia mpishi: nyama iachie mfupa kwa shida kidogo, ing'ae, ukiigusa kwa kijiti itoe maji yake. Sangala wetu alikuwa mweupe kama chokaa. Alikatwa mraba sawasawa, akapambwa kwa ua, akapoa.

Kiswahili kina maneno ambayo watu wa mjini tumeanza kuyasahau. Kuweka chungu motoni ni kuinjika. Kukitoa ni kuepua. Kutia chakula kwenye chombo cha kulia ni kupakua. Bibi zetu hawakuyachanganya, kwa sababu kila moja ni kazi na lina wakati wake. Usiku ule nilielewa kilichotokea kwa vile vionjo tisa: baina ya kuepua na kupakua kulikuwa kumejengwa nyumba nzima. Mle ndani mlikuwa na kibano cha kupangia majani, jiwe jeusi, brashi, ua na hotuba. Mpishi huenda aliepua vizuri kabisa. Chakula kilifia njiani.

Marehemu shangazi yangu aliuza mukeke wa kuchoma Buyenzi, mbele ya nyumba, kwa mbabula mbili za makaa. Alijua mwezi kuliko kalenda yoyote, maana wavuvi wetu huwavuta samaki kwa taa usiku, na mwezi ukiwa mpevu taa hazina kazi na samaki hakuna. Mbabula zake hazikuwaka sawa. Moja aliipepea kwa kipande cha boksi mpaka makaa yakawa meupe. Nyingine aliiacha ijifie polepole chini ya majivu. Mukeke alianza kwenye kali, ngozi ikamatwe, kisha akahamia kwenye pole, mafuta yashuke. Alikuwa mtu wa maneno mengi, lakini samaki akiwa motoni alinyamaza. Ukimwita haitiki. Mteja mwenye haraka alijibiwa neno moja tu, "Bado," na kama hataki kungoja aende kwa mwingine. Akishamwepua, kinyume chake, hakungoja mtu. Samaki alikufikia mkononi akiwa bado analia.

Miaka mingi baadaye nilikutana na shangazi yangu katika kitabu cha Kichina. Mshairi Yuan Mei aliandika kitabu cha mapishi, Suiyuan Shidan, kilichotoka mwaka 1792, na humo ametenga sehemu maalumu ya moto. Anagawa moto mara mbili, moto wa vita na moto wa wanachuoni: wa kwanza kwa vitu vya kukaanga upesi, wa pili kwa vitu vya kutokosa. Anakataza kufunua mfuniko kila mara. Anasema samaki akicheleweshwa motoni, nyama yake iliyokuwa hai hufa. Nilipofika hapo nilicheka peke yangu. Mbabula mbili zilezile.

Yuan Mei alikuwa na mpishi wake, Wang Xiaoyu, na huyo alipokufa alimwandikia wasifu, heshima ambayo wapishi hawakuizoea. Anasimulia jinsi Wang alivyokwenda sokoni mwenyewe, na jinsi alivyosimama mekoni kama ndege aliyetua, macho yamezama kwenye chungu, hasikii la mtu. Kwa neno moja tu mchochea kuni alijua kuuwasha moto kama jua au kuondoa kuni kidogokidogo. Na Wang hakupenda kupika zaidi ya vyakula sita au saba kwa mlo mmoja. Zaidi ya hapo hashughuliki. Bwana wake anasema baada ya kifo chake kila alipokula alimlilia. Ni sifa gani nyingine mpishi angeitaka?

Kuhusu karai ndipo ningependa kukaa zaidi, kwa sababu karai ndilo nililolikosa. Ufundi wa Kikantoni una ladha wanayoiita pumzi ya karai, wok hei kwa lugha yao. Chuma chembamba huwekwa juu ya moto mkubwa mno mpaka tone la maji likigusa linatoweka. Chakula hutiwa kidogo, maana kikizidi chuma kinapoa, mboga zinatoa maji na unajikuta unachemsha badala ya kukaanga. Kisha kinarushwa. Kikiwa hewani kinapumua mvuke wake. Matone ya mafuta yakipita ukingoni yanashika moto, na moshi ule wa nukta moja ndio unaorudi na chakula ndani. Mwaka 2020 watafiti wawili wa Georgia Tech, Marekani, Hungtang Ko na David Hu, walichapisha uchunguzi wao baada ya kuwapiga video wapishi wakirusha wali. Mkono hurusha karibu mara 3 kwa sekunde. Na karai haliinuliwi: linaegemea ukingo wa jiko, linasukumwa na kuinamishwa, likirudi linaudaka wali uliokwisha kuruka. Kazi hiyo huwaharibu wapishi mabega. Nadhani shangazi, aliyelala na mkono wa kulia umefungwa kanga yenye chumvi ya moto, angewaelewa bila video.

Pumzi hiyo haina subira. Dakika chache tu nayo imekwenda, na hakuna ua litakaloirudisha. Ndiyo maana sielewi nani aliwashauri Wachina, watu wa meza ya duara na sahani za katikati ambazo kila kijiti kinazifikia, wajikate vipande tisa kwa mtindo wa Wafaransa. Sisi wa sinia tunajua sahani ya katikati inafanya kazi gani: inawaharakisha watu wote kwa pamoja. Huwezi kuipiga picha wakati mkono wa ndugu yako umeshaingia.

Wali ulikuja mwisho, kikombe kimoja kila mtu, umebanwa kwenye kopo ukapinduliwa ukawa mnara. Mchele wa uwanda wa Imbo, kijana alituambia kwa fahari, wa kule Gihanga ambako wataalamu wa Kichina wamekuwa wakifundisha kilimo cha mpunga chotara. Mchele mzuri. Mnara wenyewe ulikuwa vuguvugu. Yuan Mei amesimulia alivyoalikwa kwa tajiri mmoja mfanyabiashara, meza ikabadilishwa mara 3, vyakula vikapita 40, mwenyeji akajaa furaha. Mgeni akarudi kwake akapika uji, kwa sababu ana njaa. Nikamsimulia rafiki yangu kisa hicho. Alicheka, lakini alikuwa ameshika bili.

Gari lilikuwa limeegeshwa nyuma. Tulipopinda kona ya nyumba ndipo nilipolisikia: mngurumo wa gesi, kisha kengele ya chuma juu ya chuma. Uani, chini ya balbu moja, mpishi mwenyewe, Mchina wa makamo mwenye fulana na kaptula, anawapikia wafanyakazi. Lengalenga na kitunguu saumu, mboga ambayo hata kwao inaliwa. Moto ulipanda ukingoni ukashuka. Macho yake hayakutoka kwenye karai. Sijui kama alijua tupo. Nyuma yake kijana wetu wa hotuba alikuwa amekwisha kushika sinia mkononi, tayari, analisubiri karai. Kijani kikamwagika chote kwa mara moja, kinang'aa, kinalia, na vichwa vinne vikainama.

Kijana akainua uso, mdomo umejaa. Hakueleza lolote.

"Karibu, mzee."

Rafiki yangu alikuwa ameshawasha gari. Nikauliza maji ya kunawa yako wapi.