Tanga Fupi kwenye Waya Mrefu

Kutweka tanga la mbele la kuviringisha huharibika zaidi pale tanga fupi linapopandishwa kwenye waya mrefu bila kuongezewa kipande cha kamba kichwani. Uamuzi huo ni kosa tupu, ingawa hufanywa na watu wanaojua kazi, kwa sababu tanga likishapanda huonekana limekaa vizuri.

Hatua za mwanzo hazina ugomvi. Omo huelekezwa upepo unakotoka, na katika Ghuba ya Speke hilo ni rahisi asubuhi, kabla upepo wa ziwa haujashika. Ngoma ya chini, inayoviringisha tanga, huwa tayari imejaa kamba yake, demani, kamba za kuongozea tanga, zimelegezwa, na dasi, ukingo wa mbele wa tanga, huingizwa kwenye mfereji wa bomba la alumini linaloufunika waya, huku mtu mmoja akiiongoza kwa mkono na mwingine akivuta henza, kamba ya kupandishia tanga. Hapo wengi hufanya vyema.

Kasoro huanza henza inapofungwa. Tanga kuukuu lililonunuliwa kutoka chombo kingine limefika mwisho wake, lakini kizungushio cha juu kimesimama mita nzima chini ya kilele cha mlingoti. Kizungushio hicho kina sehemu mbili: ya chini huzunguka pamoja na tanga, na ya juu, iliyoshika henza, haitakiwi kuzunguka kabisa. Kinachoizuia ni henza yenyewe, ikivuta kwa pembe ya nyuzi 8 hadi 10 hivi kutoka kwenye waya. Kizungushio kikibaki chini, henza hulala sambamba na waya, pembe hupotea, na sehemu ya juu huburutwa pamoja na ya chini. Mvutaji wa kamba ya ngoma huona tanga likiviringika raundi mbili, kisha linagoma. Juu kule henza imejisokota kwenye bomba.

Hapo ndipo winchi huletwa, na kosa la kwanza huzaa la pili. Winchi ina nguvu ya kupinda bomba na kukata nyuzi za waya mmoja mmoja, karibu na kilele ambako hakuna anayeona. Waya huo ndio unaozuia mlingoti usianguke nyuma. Kamba ikigoma, mkono huachia, na macho hutazama juu.

Busega, wilaya pekee ya Simiyu inayogusa Ziwa Viktoria, ina wavuvi wanaotweka tanga kwa foromali, mti unaolibeba tanga, na hawana shida hii: foromali haizunguki, kwa hiyo henza haina cha kujisokotea. Upepo ukizidi, demani huachiwa. Mabaharia wa zamani walikuwa waangalifu zaidi. Nahodha Ali bin Nasr al-Nejdi wa Kuwait, aliyemchukua mwandishi Alan Villiers hadi Zanzibar katika msimu wa 1938 na 1939, alikuwa mmoja wa mabaharia ambao upepo ukikaza walishusha foromali na kufunga tanga dogo. Robin Knox-Johnston aliizunguka dunia peke yake bila kusimama, 1968 hadi 1969, ndani ya mashua yake Suhaili, kwa matanga ya mbele yaliyoshikizwa kwenye waya kwa vishikizo. Kazi ilikuwa ngumu, lakini kila tanga lilishushwa kwa mkono na kukaguliwa. Ngoma imewazoesha mabaharia wa leo kukaa nyuma na kuamini kamba.

Dawa ni nyepesi. Kabla ya kutweka, kizungushio hupandishwa kitupu hadi mahali pake, urefu wa nafasi hupimwa, kisha kipande cha kamba isiyovutika hufungwa kati ya kichwa cha tanga na kizungushio. Baada ya hapo henza hukazwa mpaka mikunjo ya kukingama kwenye dasi iishe, na tanga huviringishwa demani zikiwa zimekazwa kidogo, zipate kulizunguka mara mbili au tatu.

Kipande hicho cha kamba ni cha bei ndogo kuliko kitu kingine chochote kilichoko kwenye mlingoti. Nahodha anayetweka tanga fupi bila hicho amekosea, hata siku ambayo tanga limeviringika vizuri.