Stika ndani ya matatu: kipimo kilivyofanywa

"Mwache dereva, utamvuruga." Ndivyo anavyonyamazishwa abiria anayelalamikia mwendo kwenye barabara ya RN5, mashariki mwa Kongo, gari likitoka Uvira kwenda Baraka. Wengi tunaamini kuwa kelele za abiria ndizo zinazoleta ajali. Kenya walilipima jambo hilo.

Kuna imani ambazo chuma chenyewe hujibu. Mwaka 2010 kipindi cha televisheni cha Marekani, MythBusters, kiligonganisha magari ili kujua kama mawili yanayokutana uso kwa uso, kila moja kwa kilomita 80 kwa saa, huumia sawa na moja lililogonga ukuta kwa 160. La. Kila gari liliumia kama lililogonga ukuta kwa 80. Kwa hilo, magari machache yalitosha.

Kinywa cha abiria hakipimwi hivyo. James Habyarimana na William Jack wa Chuo Kikuu cha Georgetown walianza kulipima jambo hilo Kenya mwaka 2008, kwa stika za kuwahimiza abiria waseme, ndani ya matatu, yaani mabasi madogo ya abiria. Katika matatu 100 zisizo na stika ni kama 10 tu zilizofikisha madai ya bima kwa mwaka. Ukichukua matatu kumi, unangoja ajali moja, na ikikosekana huwezi kujua kama ni stika au ni bahati tu. Ndiyo maana walichukua zaidi ya 2,000.

Ufundi wenyewe ulikuwa katika kuzigawa. Ukimpa stika kila anayeiomba, wataikimbilia madereva waangalifu, kisha utaisifu stika kwa uangalifu waliokuwa nao tangu zamani. Basi hawakuachiwa kuchagua: tarakimu ya mwisho ya namba ya gari ndiyo iliyoamua nani apewe na nani asipewe. Stika zilibandikwa ndani, abiria wazione, zikiwahimiza wamkemee dereva anayekimbiza gari. Na kwa kuwa dereva angeweza kuibandua asubuhi yake, kulikuwa na bahati nasibu kila wiki kwa walioziacha. Huo ni werevu wa mtu anayewajua madereva!

Hesabu ya ajali ilitoka kwenye madai ya bima, si kwa kumwuliza dereva. Kwenye kundi la stika madai yalishuka kwa nusu hadi theluthi mbili. Jaribio la pili, la magari kama 12,000, matokeo yake yakichapishwa mwaka 2015, lilionyesha upungufu mdogo zaidi: robo hadi theluthi moja. Mimi naiamini zaidi hii ya pili, maana ni pana. Stika zilizowahimiza abiria waseme kwa pamoja ndizo zilizofanya kazi vizuri hasa.

Hapo kwenye "pamoja" ndipo Baraka inapopata shida. Tukijaribu stika hizo kwenye taksi-moto zetu, abiria ni mmoja, pengine wawili, na macho yao yako mgongoni mwa motari. Ujumbe ungebidi uandikwe hukohuko. Kumkemea mtu unayemshikilia kiunoni, mkipanda vilima vya kwenda Fizi, si sawa na kupaza sauti pamoja na wenzako kumi na watatu. Kipimo kipya kingehitajika, na kingekwama kwanza kwenye hesabu. Pasipo bima hakuna madai ya kuhesabu. Daftari la hospitali nalo humfuata mgonjwa; lisipoandika plake ya moto iliyomwangusha, hutajua alitoka kundi lipi.