Shujaa Anaponyolewa

Wimbo wa kundi la Tool uitwao "Invincible" una dakika 12 na ushei, na kwa muda wote huo unasema jambo moja: shujaa amezeeka. Silaha anayo na vitani anaingia. Tumbo amelibana lisionekane, kifua anakipiga, na alikopita anakutaja kwa sauti kubwa ili watu wasimsahau. Ila mifupa imechoka, na wa kwanza kulijua hilo ni yeye mwenyewe. Wimbo umo katika albamu Fear Inoculum, iliyotoka tarehe 30 Agosti 2019. Ni muziki wa metali, tawi lake la progresivu, lenye magitaa mazito, nyimbo ndefu na mapigo ambayo mchezaji wa dansi hawezi kuyafuata kirahisi. Hata hivyo sijui wimbo mwingine kutoka nje unaoeleweka haraka namna hii ukiusikiliza ukiwa Karatu.

Sababu iko kule juu ya barabara. Ukiondoka Karatu mjini ukayapita mashamba ya kahawa na kupanda hadi lango la Lodoare, unaingia Ngorongoro, kilomita za mraba 8,292 ambamo tangu mwaka 1959 sheria iliwaruhusu wafugaji kuishi pamoja na wanyamapori. Kwa Wamaasai wa huko, na wa Loliondo, Longido na Monduli, kukua ni jambo la rika zima. Mvulana, yaani layoni, anatahiriwa, anakuwa morani, na baada ya miaka kadhaa rika lake lote linaitwa kwenye sherehe ya Eunoto. Nywele alizozifuga zikamfika mgongoni, akazisokota na kuzipaka mafuta na udongo mwekundu, zinanyolewa zote. Anayeshika wembe ni mama yake mzazi, na kichwa hulowekwa kwa maji na maziwa. Vijana waliokuwa wakisifiwa kwa ujasiri hutetemeka mwili mzima, wengine hulia hadharani, na hakuna anayewacheka. Wanajua kinachoondoka.

Sasa rudi kwenye wimbo uone ulivyojengwa, maana ufundi wake umejificha kwenye mambo madogo.

Unaanza polepole mno. Adam Jones anadondosha noti chache za gitaa, nyembamba, zenye mwangwi. Danny Carey anaziingilia kwa ngoma zisizo na haraka. Huyu aliwahi kujifunza tabla, ngoma ya Kihindi ya vidole na viganja, na mafunzo hayo yanasikika katika jinsi anavyoipa kila ngoma sauti yake badala ya kuzigonga zote kwa hasira moja. Besi ya Justin Chancellor, Mwingereza pekee katika kundi hilo la Los Angeles, inakuja chini yao. Wanazunguka, wanazunguka tena, na Maynard James Keenan bado hajafungua mdomo. Msikilizaji aliyezoea nyimbo za dakika tatu angekuwa ameshaanza kukosa subira. Hapa ndipo nilipoanza kuwaheshimu hawa watu kwa dhati. Wimbo kuhusu muda hauna haki ya kuuharakisha muda, na wao hawakuuharakisha.

Halafu kuna suala la mapigo. Jones amesimulia kwamba rifu, yaani vipande vya gitaa vinavyorudiwarudiwa, walizokuwa wakizileta wakati wa kuitunga albamu zilikuwa nyingi za mapigo saba, mpaka saba ikawa uti wa mgongo wa kazi nzima. Mguu wa binadamu uliolelewa na nne kwa nne unangoja pigo la nane. Halipo, kwani duru mpya imeshaanza, nawe umebaki nyuma hatua moja. Unajirekebisha, unashika, na unapodhani umelizoea linakuponyoka tena. Sijui kama walikusudia hilo liwe maana ya wimbo, lakini ndivyo linavyofanya kazi mwilini. Mtu aliyevuka miaka 40 akapanda mlima aliokuwa akiupanda akiwa na 20 anaijua hali hiyo: akili imeshatuma amri, na goti linachelewa.

Kinachonigusa zaidi ni kitu ambacho hakimo. Katika "The Grudge", wimbo unaofungua albamu yao ya 2001, Lateralus, Keenan anapiga yowe moja la zaidi ya sekunde 20 bila kuvuta pumzi. Mashabiki wanaliongelea yowe lile kama watu wanavyoliongelea goli la fainali. Alizaliwa mwaka 1964, kwa hiyo "Invincible" ilipotoka alikuwa na miaka 55, na yowe hilo halimo kabisa. Anaimba chini, karibu na kuzungumza, kila neno likisikika. Anapopandisha sauti anaipandisha kwa kipimo. Angeweza kuachia mashine zimtengenezee ujana studio. Teknolojia hiyo ipo na wengi wanaitumia. Yeye ameiacha sauti iwe na umri wake, na kwa uamuzi huo wimbo ukawa wa kweli. Sisi tulimwona Bi Kidude wa Zanzibar, aliyefariki Aprili 2013 akiwa mkongwe kuliko wote waliomzunguka jukwaani, akiimba kwa sauti iliyokwaruza, na ukwaruzo huo ndio uliotufanya tunyamaze. Koo lililozeeka lina noti ambazo kijana hawezi kuzifikia hata afanye mazoezi mwaka mzima.

Katikati ya wimbo nguvu inashuka. Sinthesaiza inachukua nafasi, sauti ya mwimbaji inapitishwa kwenye mitambo mpaka inakaribia kuacha kuwa ya mtu. Maneno ya sehemu hiyo yanamgusa Ponce de León, Mhispania ambaye hadithi husema aliitafuta chemchemi ya ujana kule Florida. Kisha magitaa yanarudi kwa rifu fupi, nzito, inayogongwa mara kwa mara huku Carey akibadilisha mahali pa kuweka mkazo, ili kitu kile kile kisisikike vile vile mara mbili. Dakika hizo za mwisho hazina maneno mengi, na hazihitaji.

Ufundi wa namna hii una ndugu yake juu ya kreta ya Ngorongoro, na kwa maoni yangu ndugu huyo ni mkubwa kiumri. Wimbo wa Kimaasai huongozwa na olaranyani. Yeye ndiye anayeanzisha namba, mstari unaoutambulisha wimbo, na kundi linaitikia kwa pamoja kuonyesha kwamba limeutambua. Baada ya hapo anaubeba ubeti peke yake juu ya mngurumo wa wenzake. Mngurumo huo unatoka kooni, umekatwakatwa kwa pumzi, na kila wimbo una mpangilio wake usioingiliana na wa mwingine. Mtu akitoa pumzi shingo inakwenda mbele. Akiivuta kichwa kinarudi nyuma. Mgeni anayepita na gari la watalii huona shingo na kuruka, basi. Akifumba macho atasikia kwamba koo zimegawana kazi: hawa wameshika chini na wale juu kidogo, na mmoja anarusha sauti ya kustukiza pale pumzi za wengine zinapokatika. Ngoma haipo wala gitaa, ingawa kwenye Eunoto hupulizwa pembe ya tandala. Walioyaandika mapigo ya nyimbo hizi wamekuta tatu, wamekuta sita, na wamekuta tano, hesabu ambayo wanamuziki wa progresivu hujivunia kuiweza.

Na morani anaimba nini? Majigambo, kwa sehemu kubwa: safari za ng'ombe, simba, majina ya waliosimama imara siku ambayo wengine walikimbia. Ni kazi ile ile anayoifanya shujaa wa "Invincible", kutaja alikopita. Tofauti ni kwamba morani anaimba akizungukwa na watu waliokuwepo au waliosimuliwa, wanaoweza kuitikia au kukataa kuitikia. Shujaa wa Tool anajitaja peke yake. Anauliza kama bado ana maana, na hakuna kundi la kumjibu ila magitaa.

Ndiyo maana wimbo huu umewashika wasikilizaji wake kwa namna ambayo hata wao, nadhani, hawakuitarajia. Kijana wa miaka 20 aliyenunua albamu ya Tool, Undertow, mwaka 1993 alikuwa na 46 ilipofika Fear Inoculum. Kati ya albamu hii na ile iliyoitangulia, 10,000 Days ya mwaka 2006, ilipita miaka 13. Ile ya nyuma jina lake linatokana na siku, karibu miaka 27, ambazo mama yake Keenan aliishi akiwa amepooza kabla ya kufariki mwaka 2003. Katika kungoja huko watu walioa, wakazika wazazi, wakaanza kunyoosha mkono mbali wanaposoma gazeti. Wakafungua albamu waliyoisubiri muda wote huo na kukuta watu wale wale wa ujanani mwao wakikiri kwamba na wao umri umewafikia. Wiki ya kwanza Fear Inoculum ilishika nafasi ya 1 Marekani na kuiondoa Lover ya Taylor Swift. Kwa upande wetu kuna jambo dogo lenye uzito: mpaka mwanzoni mwa Agosti 2019 Tool hawakuwa wameruhusu nyimbo zao ziwe kwenye huduma za muziki za intaneti. Baada ya hapo mtu mwenye simu na bando Karatu aliweza kuisikia siku ile ile na mtu wa Chicago. Dereva wa watalii ambaye mgongo wake umeliwa na barabara za vumbi hahitaji kutafsiriwa wimbo huo sana. Mapigo yenyewe yanamweleza.

Hata hivyo naona Ngorongoro wana kitu ambacho wimbo unakitafuta bila kukipata, nacho ni mkono wa mama wenye wembe. Ujana wa morani hauachwi uishe kimyakimya siku ambayo hakuna aliyeiona. Unaisha saa inayojulikana, mbele ya waliomzaa, na kesho yake kuna jina jingine na kazi nyingine ya kufanya: kuoa, kukaa kwenye mabaraza, na hatimaye kuwa mzee anayewashauri morani wapya. Wairaqw, wenyeji wakuu wa Karatu, nao wana slufay, dua ndefu ambayo mzee huisema mbele ya mkutano, fungu baada ya fungu, na waliokaa wakaitikia. Neno la mzee pale linapewa nguvu kwa sababu ni la mzee. Dakika 12 za Tool nazisikia kama juhudi ya watu wasio na Eunoto kujitengenezea ya kwao kwa vyombo walivyo navyo, na juhudi hiyo naiheshimu sana. Mwaka 2018 UNESCO iliziingiza sherehe za rika za Kimaasai, Enkipaata, Eunoto na Olng'esherr, kwa upande wa Kenya, kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka. Sherehe hizi zinadai ardhi ya kukusanyikia, mifugo, na rika lisilotawanyika, na tangu 2022 familia nyingi za Ngorongoro zimehamia Msomera, Handeni. Nyimbo zimekwenda nao, maana koo halihitaji lori.

Kukata nywele kama kuaga vita si kwa Wamaasai pekee. Muthoni wa Kirima, mwanamke aliyefikia cheo cha field marshal katika Mau Mau, alizifuga nywele za msituni kwa miongo mingi baada ya vita kwisha, na zilikatwa Nyeri Aprili 2022 akiwa na miaka zaidi ya 90. Aliyezikata ni Mama Ngina Kenyatta. Muthoni alifariki Septemba 2023. Mwaka uliofuata mwanamuziki wa Nairobi, Lord Spikeheart, sauti ya kundi la Duma lililotoa albamu ya metali na kelele za mitambo mwaka 2020, alitoa The Adept, na anajitaja kuwa kitukuu wa Muthoni. Yowe lake ni la kijana, kali na la hasira, na ninalipenda. Nikilisikiliza najiuliza litakuwaje atakapofika miaka 55.

Upande wetu mlango kati ya koo la Kimaasai na muziki wa kisasa uliwahi kufunguliwa. X Plastaz wa Arusha walimweka Merege, mwimbaji wa Kimaasai, katikati ya hip hop yao, na albamu Maasai Hip Hop ya mwaka 2004 ikasikika hadi Ulaya. Lakini hip hop ya nne kwa nne ilimlazimu mwimbaji aingie kwenye chumba kilichokwisha jengwa. Metali ya progresivu haina shida na tano wala saba, haiogopi mngurumo wa koo, na inakubali wimbo uchukue robo saa. Ninachokitaka ni fundi wa sauti aende boma moja na vinasa sauti vya kutosha, kila koo na chake, amrekodi olaranyani ambaye rika lake limeshanyolewa, akiimba majigambo ya ujana wake kwa sauti aliyonayo sasa, na wapiga gitaa wamfuate yeye.