Ua la Nani? Tahakiki ya Michoro ya Ellis Rowan

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Michoro ya Ellis Rowan ni mizuri, ilhali ilijitembeza muda mrefu kabla ya kupata mnunuzi. Mwaka 1923, mwaka mmoja baada ya mchoraji mwenyewe kufariki, ndipo serikali ya Australia ilipokubali kununua michoro yake 947 kwa pauni 5,000. Bungeni palizuka hoja. Waliounga mkono waliiona kuwa hazina ya taifa. Waliopinga walisema hayo ni maua tu, sanaa haimo. Pande zote mbili zilikuwa na chembe ya haki, na hapo ndipo ilipo ladha ya kuisoma michoro hii upya.

Rowan alizaliwa Melbourne mwaka 1848. Hakuwa zao la chuo cha sanaa. Aliyafuata maua yalikoota, misituni na majangwani, na mtaalamu mkubwa wa mimea, Ferdinand von Mueller, akimsaidia kuyatambua. Mwaka 1888, katika maonyesho makubwa ya Melbourne, alitunukiwa medali ya dhahabu mbele ya wachoraji wanaume waliokuwa na majina. Nao walilalamika: vipi ua la rangi za maji liishinde turubai ya rangi za mafuta?

Jawabu limo katika kazi yenyewe. Rangi za maji hazisamehe. Mkono ukikosea, karatasi hushuhudia. Rowan aliongeza rangi nzito iliyochanganywa na nyeupe, na mara nyingi alichora juu ya karatasi ya kijivu au ya kijani, hata petali zikang'aa kama zilizoshikwa na jua la asubuhi. Mchoro wa kitaalamu huling'oa ua na kuliweka peke yake katika weupe mtupu. Yeye mara nyingi aliliachia hewa yake: ukungu, majani ya jirani, kivuli cha kichaka. Ua lake lina kwao.

Na kwao ndiko kulikokuwa kukitafutwa. Makoloni sita yaliungana kuwa Australia mwaka 1901, na taifa hilo changa, lililosema lugha ya Uingereza na kumtii mfalme wa Uingereza, lilihitaji alama isiyotoka Uingereza. Waridi halikufaa. Ua la njano la mgunga wa kwao, waliloliita wattle, liliingia katika nembo ya taifa mwaka 1912, ingawa halikutangazwa rasmi kuwa ua la taifa hadi mwaka 1988. Katika hali hiyo, kila karatasi ya Rowan ilisomeka kama beti la kuisifu nchi.

Lakini sifa ina hatari yake. Utenzi waweza kutimiza vina na mizani, ukakosa muwala. Na baadhi ya karatasi za Rowan zina kasoro hiyo. Tawi hujazwa juu ya tawi, ua juu ya ua, kana kwamba mchoraji ahofia kuacha kitu nje ya hesabu. Maonyesho yake ya Sydney mwaka 1920 yalikuwa na michoro ipatayo elfu moja. Ni fahari ya anayehesabu mali, na mwenye kuhesabu huweza kusahau kutazama.

Kasoro hiyo ndiyo inayofungua swali zito zaidi. Waratah, lile ua jekundu la New South Wales, limebaki na jina walilolipa wenyeji wa Sydney kabla ya meli za Waingereza kutia nanga. Mengine mengi yalipokewa vitabuni kwa majina mapya, na wenyeji waliokuwa na majina yake ya kale hawakuulizwa taifa gani lijivunie nayo. Kisha, mwaka 1916 na 1917, Rowan, akikaribia umri wa miaka 70, alisafiri hadi Papua na New Guinea kuchora ndege wa peponi. Nchi hizo zilikuwa mikononi mwa Australia. Ujasiri wake hauna shaka, na manyoya yale katika rangi za maji ni miongoni mwa kazi zake bora. Ila fahari iliyonunuliwa kwa jina la Australia ilikuwa imevuka bahari kwenda kuchuma shamba la mwenziwe.

Wasomaji wa visiwa vya karafuu wasiharakishe kucheka. Karafuu nayo asili yake ni Maluku, magharibi ya New Guinea, na leo imo katika nembo ya Tanzania. Lakini imekuwa ya Unguja na Pemba kwa jasho la waliopanda na kuchuma, wakiwemo watumwa. Kwa kipimo hicho, maua ya Rowan aliyoyatembelea maisha yake yote yamemstahiki. Ndege wa peponi walikuwa na wenyewe.

Na wenyewe walisema. Mwaka 1971 msichana mwanafunzi, Susan Karike, aliibuni bendera ya Papua New Guinea na kumweka ndege wa peponi akiruka juu ya wekundu. Mwaka 1975 nchi hiyo ikawa huru. Karatasi za Rowan zingali katika Maktaba ya Taifa mjini Canberra, rangi zake zikiwa hai. Azitazamaye azipe haki yake mbili: asifu mkono, na aulize tawi lilikatwa wapi.